Jinsi ya Kumpokea Mnairobi Ngoingwa na Kumrudisha Akiwa Amechoka

Mnairobi akija kukutembelea Ngoingwa, mtaa wa Thika, hufika Jumamosi saa sita mchana. Huuliza ploti siku hizi zinaenda pesa ngapi, hula nyama, hulala kwenye kochi, na saa kumi inapogonga ameshaanza kutafuta funguo za gari kwa hofu ya msongamano wa Thika Road. Kesho yake anawaambia wenzake kazini kwamba alikuwa Thika. Thika ipi? Ameona kochi lako.

Mwongozo huu umeandikwa ili kuikomesha tabia hiyo. Mahitaji ni wikendi nzima, viatu visivyoteleza, sweta, nauli, na roho ngumu ya kumkatalia mgeni anapoomba kupumzika. Hajaja kupumzika. Kupumzika angepumzikia kwake Kasarani.

Mgeni akilalamika kwamba hakuna cha kuona huku, mkumbushe kwamba watu wa hapa hapa Kenya huchanga pesa, hupanga foleni ya viza, na kusafiri hadi Ulaya kutazama miji iliyojengwa kandokando ya mito. Huko Uswisi kuna Maporomoko ya Rhine, karibu na mji wa Schaffhausen. Yana kimo cha mita 23, na yana kituo chake cha treni. Fourteen Falls, zilizo mwendo mfupi kutoka Thika, zina kimo cha mita 27 hivi, na stendi yake ni pikipiki mbili chini ya mti. Tuna mito miwili inayokutana ukingoni mwa mji, Chania na Thika, na kila mmoja una maporomoko yake. Lakini tumejenga mji kana kwamba mito hiyo ni uchochoro wa nyuma wa kutupia taka. Kuna watu wamekaa mtaa wa Section 9 tangu shule ya msingi ambao Chania wameiona kupitia dirisha la matatu tu, ikivuka daraja kwa kasi.

Kwa hiyo kanuni ni moja tu: mgeni afuate maji. Asianzie dukani wala kwenye ploti. Aanzie yanakotoka maji, ateremke nayo.

Mwambie mapema kwenye simu: kuja Ijumaa jioni ama usikuje. Kisha Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mgongee mlango. Mtoe nje akiwa na kikombe cha chai mkononi, mtembee kwa mguu mkielekea upande wa bonde la Chania kabla boda hazijaanza kelele. Ngoingwa ya saa hiyo inapendeza: nyumba za vigae vyekundu zilizosimama palipokuwa na mashamba, barabara za vumbi zenye umande, na lori la mawe limekwama kwenye kona. Siku angavu, hasa Januari na Februari au asubuhi iliyofuata mvua kubwa, Mlima Kenya unaonekana kaskazini, na kusini mashariki Kilimambogo umesimama peke yake kwenye tambarare. Mwonyeshe Kilimambogo, umwambie kesho atakuwa juu yake. Usijibu maswali.

Ukishuka bondeni, omba ruhusa kwa wenye mashamba. Usipite tu. Chini kuna migomba, nepia ya ng'ombe, na mahali penye unyevu kuna nduma za majani makubwa, safu kwa safu, zimepandwa na mtu anayeujua mto kuliko ofisi yoyote. Muulize huyo maji yamepanda au yameshuka mwaka huu. Atakueleza, na atamweleza mgeni kwa utaratibu kwa sababu watu hawamuulizi mara nyingi.

Baada ya hapo mpandishe mgeni gari, muelekee Gatanga.

Hii safari ya kupanda ndiyo Wanairobi wengi huikosa, na ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote. Thika iko katika mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea milima ya Nyandarua, mashamba hubadilika mbele ya macho yako: mananasi yamebaki chini kwenye joto, inakuja kahawa, halafu kahawa inakwisha na majani chai yanaanza, na mgeni aliyekataa sweta asubuhi anaanza kufunga dirisha. Ukifika Ndakaini umevuka mita 2,000. Mbele yako kuna bwawa lililokamilika mwaka 1994, lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70, limezungukwa na chai pande zote. Bwawa hilo linalindwa, kwa hiyo simama getini, jitambulishe, ufuate utakachoambiwa.

Hapo ukingoni mwache mgeni apige picha zake kwanza. Akimaliza, mwambie pole pole: haya ndiyo maji yako.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka hapa. Mto Thika umezuiwa kwa ukuta wa udongo, maji yake yakaelekezwa kwa mahandaki ndani ya milima hadi upande wa Chania, yakasafishwa kwenye mitambo ya Ng'ethu, na kutoka huko yakashuka kwa mabomba hadi jijini. Chai anayokunywa ofisini, maji anayooshea gari, yale anayofungulia mfereji halafu anasahau: mengi yameanzia hapa. Mvua iliposhindwa na bwawa likapungua, Nairobi ilianza kugawiwa maji kwa zamu Januari 2017, na watu wakajua kwa ghafla kwamba kuna mahali panaitwa Ndakaini. Tangu hapo limechimbwa handaki la karibu kilomita 12 kuleta maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati kwenye bwawa hili hili. Viongozi wa Murang'a, kaunti liliko bwawa hili, wamedai mara nyingi kaunti yao ipate sehemu ya mapato ya maji haya. Mgeni akiona hayo ni siasa tu, mwulize mtu wa huko juu kama ana mfereji nyumbani, halafu mwache asikilize.

Kaeni huko mpaka mle chakula cha mchana. Kisha mteremke na kilichobaki cha mto, kwa maana maji hayachukuliwi yote, na yanayobaki yanakuja mjini kwetu.

Mchana wa Jumamosi ni wa Blue Posts. Hoteli hii ilianzishwa mwaka 1908, kabla reli haijafika Thika mwaka 1913, na imekaa mahali ambapo mwenye akili yeyote angeweka hoteli: kwenye ulimi wa ardhi kati ya mito miwili. Upande mmoja Chania inaanguka, upande wa pili Thika inaanguka, na chini kidogo mito hiyo inaungana. Mgeni ataagiza soda na kukaa kwenye kiti. Muinue. Njia inashuka kati ya miti hadi mahali ambapo mvuke wa maji unalowesha miwani na huwezi kusikia mtu anayezungumza kando yako. Mwezi wa Februari Chania huwa nyembamba, imegawanyika kwenye jiwe jeusi vipande vipande kiasi cha kuona moss nyuma yake. Njoo tena Mei, utaikuta ni ukuta mmoja mwekundu unaonguruma. Wekundu ule ni udongo wa mashamba ya juu, yale yale mliyoyapita asubuhi, hasa yaliyolimwa hadi kwenye kingo za mto bila kuachiwa nyasi wala mti. Mgeni aliyepanda Gatanga asubuhi ataelewa bila kuelezwa sana. Asiyepanda ataona ni rangi tu.

Mwambie pia maji haya yanakokwenda. Mto Thika unaingia Tana kwenye bwawa la Masinga. Tana inazunguka mbali, inapita Garissa, inashuka kusini kati ya Wapokomo na mashamba yao, hadi Bahari ya Hindi upande wa Kipini. Tone linaloruka kwenye shati lake pale Blue Posts, likibahatika, litaonja chumvi karibu na Lamu. Mwambie akumbuke jina hilo, Kipini, kwa sababu kesho mto tutakaouona unakwenda bahari hiyo hiyo kwa mlango mwingine.

Mgeni msomaji atataja kitabu. Elspeth Huxley alichapisha The Flame Trees of Thika mwaka 1959, kumbukumbu za utoto wake kwenye shamba la kahawa ambalo wazazi wake walikuja kulianzisha karibu na hapa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1981 kikafanywa mfululizo wa televisheni, na kwa watu wengi wa ng'ambo Thika ni kitabu hicho tu. Ni kitabu kilichoandikwa kwa jicho kali, na mgeni akisome. Ila asikisome peke yake. Ndiyo maana kabla ya giza kuingia unampitisha Mugumo Gardens, mjini.

Hapo ndipo ulipokuwa mugumo ambao wazee husimulia habari zake pamoja na utabiri wa Mugo wa Kibiro, yule mwaguzi wa Agikuyu aliyeona kuja kwa wageni na nyoka wa chuma kabla ya reli. Inasimuliwa kwamba mti huo ungeanguka siku ambazo utawala wa Mwingereza ungekuwa unafika mwisho, kwamba Waingereza wenyewe waliusikia utabiri huo wakaukaza mti kwa chuma usianguke, na kwamba ulianguka mwaka 1963. Mtoto wa mlowezi aliona miti yenye maua ya moto. Mwenye nchi aliutazama mti mmoja na kuhesabu miaka. Mgeni aondoke Thika akiwa na miti yote miwili kichwani.

Jumapili msichelewe. Barabara ya Garissa inapita katikati ya mananasi, mashamba yaliyonyooka hadi macho yachoke. Mananasi yauzwayo kando ya njia mnunue wakati wa kurudi, si wakati wa kwenda. Nanasi likikaa kwenye buti la gari siku nzima mtajuta wote.

Anzeni na mlima, kwa sababu ya jua. Mnavuka Mto Athi kuingia upande wa Machakos, mnafika Donyo Sabuk, geti la hifadhi liko hapo. Ol Donyo Sabuk, au Kilimambogo, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1967 na kilele chake kina mita 2,145. Lipeni ada kupitia eCitizen mkiwa bado nyumbani penye mtandao mzuri. Jina la Kilimambogo ni la kweli: nyati wapo, wanalala kwenye kichaka kando ya njia, na hawajali kwamba mgeni wako ni meneja. Ombeni askari wa hifadhi awasindikize. Njia ya kufika juu ni kilomita 9 hivi ndani ya msitu, na gari zuri linaweza kupanda, lakini nilisema mwanzoni mgeni arudi amechoka.

Kabla ya kilele kuna makaburi. Aliyelala hapo ni William Northrup McMillan, Mmarekani wa St. Louis aliyezaliwa 1872, aliyetajirika kwa urithi, akaja Afrika Mashariki, akapewa cheo cha "Sir" na Waingereza na kumiliki shamba kubwa la Juja ambako Theodore Roosevelt alikaribishwa mwaka 1909 alipokuja kuwinda. Alikuwa mtu mwenye mwili mkubwa kupita kiasi. Alifariki mwaka 1925, akataka kuzikwa juu ya mlima, na masimulizi ya hapa ni kwamba alikusudiwa kilele chenyewe lakini mlima ukawashinda waliombeba, wakamzika walipofika. Mkewe, Lucie, amezikwa karibu naye. Mnairobi anawajua watu hawa bila kujua kwamba anawajua: maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni katikati ya jiji, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu yake, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kukaa ndani kusoma. Agikuyu nao walikuwa na jina lao la mlima huu, Kĩrĩma kĩa Njahĩ, na waliuhesabu miongoni mwa milima ya Ngai zamani sana kabla ya mtu yeyote wa St. Louis kuuona. Sioni ubaya wa kusimama kaburini. Ubaya ni kusimama hapo ukadhani historia ya mlima imeanza na kaburi.

Juu kabisa, pumzikeni. Hapo sasa mgeni ana ruhusa ya kukaa chini. Athi inaonekana ikijikunja kwenye mguu wa mlima, Thika ni moshi na mabati upande wa kaskazini magharibi, na Ngoingwa unaweza kuinyooshea kidole kwa kukadiria. Hewa ikiwa safi kabisa Mlima Kenya uko upande huu, na mara chache sana Kilimanjaro upande ule.

Kisha mshuke kwenye maji. Fourteen Falls ziko karibu, upande wa pili wa Athi, na jina limetokana na mikondo kumi na minne inayoanguka kwa pamoja. Wakati wa kiangazi unaweza kuihesabu. Mvua ikiwa nyingi huungana ikawa pazia moja. Vijana wa hapo wana mashua, wanajua kila jiwe, na wako wanaoruka kutoka juu ya maporomoko hadi chini kwa malipo. Patana bei kabla ya kupanda mashua, katakata, kisha mlipe kijana ulichomwahidi bila kuvuta. Hiyo ndiyo kazi yake. Mawe yanateleza, na watu wamekufa maji hapa, hivyo mgeni asiruke, asiogelee, asirudi nyuma kwa ajili ya picha.

Hataogelea, hata hivyo. Atasikia harufu kabla ya kuona maji.

Mfikishe ukingoni kabisa. Mwonyeshe povu. Ni jeupe, zito, linakaa juu ya maji chini ya maporomoko kwa mafungu, upepo ukivuma linakatika na kuruka kama pamba. Katikati yake kuna chupa za plastiki, kandambili moja, mfuko uliojikunja kwenye mzizi, na gugumaji pembeni. Maji yenyewe yana rangi ya kijivu. Juu yake, kwenye jiwe, ndege wa majini amesimama kwa mguu mmoja akitafuta samaki. Usiharakishe. Hii ndiyo sababu ya wikendi nzima.

Mto Nairobi, ukishapokea Mathare na Ngong na kila mfereji wa jiji, unaingia Athi juu ya hapa. Maji machafu ya mitambo ya Dandora yanaishia kwenye mto huo huo, na mengi mengine hayapiti mtambo wowote. Kwa hiyo maji mliyoyaona Jumamosi yakiwa safi kati ya majani chai ya Ndakaini, yale yaliyopitishwa chini ya mlima hadi jijini, hayakurudi kwa Tana. Yalipita jikoni, chooni, kiwandani, kwenye gereji, yakabadilisha mto, na sehemu yake ndiyo hii inayoanguka mbele yenu. Yataendelea kwa Athi, yatakuwa Galana, yatakuwa Sabaki, na yataingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Huku katikati, wako watu wanaofua, wanaonywesha mifugo na kumwagilia mboga kwa mto huu, Ukambani kote unakopita. Hawakuulizwa.

Mgeni atasema kwa kawaida: ni serikali. Ni kweli, na mwambie hivyo. Kisheria mtu haruhusiwi kumwaga maji machafu mtoni, na wanaomwaga wanajulikana mahali wanapokaa. Atasema pia haiwezekani kurekebishika, na hapo usikubali. Mwaka 1957 Mto Thames, ule wa London anaotamani kupigia picha, ulitangazwa kuwa umekufa kibiolojia, hakuna samaki anayeweza kuishi katikati ya jiji. Walijenga mitambo ya majitaka na kuwabana wenye viwanda, na mwaka 1974 alipatikana samaki aina ya samoni ndani yake. Si lazima twende mbali hivyo. John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira, kuanzia mwaka 2008, kipande cha Mto Nairobi katikati ya jiji kilisafishwa mbele ya macho ya watu, taka zikaondolewa na nyasi zikapandwa. Bustani ya Michuki iko hapo mpaka leo. Kilichofanywa kwa kipande kimoja kiliwezekana kwa sababu mtu mmoja mwenye mamlaka alikataa kuambiwa haiwezekani, na kilikwama kwa sababu alipoondoka hakuna aliyekataa tena kwa sauti ile.

Na huku Thika tusijisafishe mikono. Chania na Thika bado zina nafuu kwa sababu ziko juu ya viwanda vingi, lakini mji unakua, na kila ploti inayogawanywa Ngoingwa inachimba shimo lake la choo, na bonde liko chini yetu sote. Tukikaa kimya, tutakuwa na Fourteen Falls nyingine nyuma ya Blue Posts, watoto wetu wakiwa na umri wa kuiona.

Mnunulie nanasi njiani, mpakie kwenye gari lake, mfungie mlango. Kabla hajawasha injini, muulize swali moja na umsubirie jibu: kule anakopanga, bomba la choo cha ghorofa yao linaishia wapi? Asipojua, amuulize msimamizi wa jengo kesho asubuhi, na akupigie simu akuambie alichoambiwa.